Vikorombwezo vya jimu ya nyumbani: kabla hujanunua mashine nyingine

Kitu cha kwanza kinachokosekana kwenye jimu ya nyumbani ni watu. Ingia jimu yoyote ya mtaani hapa Dar es Salaam, hata ile ya paa la bati na vyuma vya zege, ulale kwenye benchi. Kuna mtu atasogea nyuma ya kichwa chako bila kuitwa. Pengine hamjuani hata majina. Atakuhesabia, atakwambia "moja tena, moja tena," na chuma kikigoma atakipokea. Ukihitaji pleti ndogo, lile duara la uzito linalovishwa kwenye chuma, yupo anayejua ilikojificha. Ukiinua vibaya, mkubwa mmoja atakukemea toka mlangoni, na utamshukuru baadaye.

Nyumbani huna mtu huyo. Ndiyo maana kila ndugu anayeniambia "nimepata chuma, pleti na benchi, sasa ninunue mashine gani?" namjibu hivi: usinunue mashine. Fedha inayofuata iende kwenye vikorombwezo, yaani vile vitu vya kupachika, kuning'iniza, kuongezea na kuzuia, ambavyo dukani hukaa rafu ya chini kabisa na muuzaji havionyeshi mpaka umuulize. Vile vyenye thamani vinashika nafasi ya watu usio nao. Vingine vinafidia eneo, maana wengi wetu tunapiga tizi uani, barazani, au kwenye chumba kilichokuwa stoo.

Mikono ya usalama

Naanza na hii kwa sababu ndiyo pekee ambayo kukosekana kwake kunaweza kuua. Chuma kilichopakiwa kikikukalia shingoni na wewe uko peke yako, ujanja wa kujinasua hauna uhakika. Watu wamefariki hivyo majumbani mwao, na si lazima uzito uwe wa mashindano.

Mikono ya usalama ni vipande viwili vya chuma vinavyopachikwa kwenye nguzo za stendi, kimoja kila upande, vikachomoza kuelekea ulipolala. Chuma kikishuka kupita unapotaka, kinatua juu yake badala ya kutua juu yako. Stendi nyingi za bei nafuu huja na ndoano za kuwekea chuma tu. Mikono ya usalama ama haipo, ama ni mifupi kiasi kwamba chuma kinaweza kuipita kwa mbele.

Kimo chake ndiyo kazi yenyewe. Lala kwenye benchi na chuma kitupu, tanua kifua na uinue mgongo kidogo kama ufanyavyo unaposukuma kweli. Mikono ikae sentimita 2 au 3 chini ya kifua kilipopanda, ili isikuguse katikati ya zoezi. Kisha toa pumzi, legeza mgongo, shusha kifua. Sasa chuma kitue kwenye mikono kabla hakijafika shingoni wala usoni. Kipimo hicho kifanye ukiwa mzima na hujachoka, siyo siku kimekulemea. Kama matundu ya stendi yako yako mbalimbali na kimo hicho hakipatikani, inua benchi kwa kuweka mbao pana na imara chini ya miguu yake. Kwa skwati, mikono ikae chini kidogo ya pale chuma kinapofika ukiwa umechuchumaa hadi mwisho wako. Ukishindwa kusimama, unachuchumaa zaidi, chuma kinabaki kwenye mikono ya usalama, wewe unatoka kwa mbele.

Yangu ilichomelewa eneo la Gerezani hapa Dar, kule ambako mageti, madirisha na vitanda vya chuma vinatengenezwa. Fundi aliuangalia mchoro wangu akauliza, "Kaka, hii ni stendi ya kuanikia nguo?" Nikamwambia hapana fundi, ni ya kudaka kilo mia zikianguka na mimi niko chini yake. Uso ukabadilika. Akaisogeza pembeni skwea paipu nyembamba ya mageti, akaleta ya unene wa milimita 3. Halafu akanifundisha jambo ambalo kwenye video zote nilizotazama sikulikuta: tundu la pini lipite kuta zote mbili za nguzo, pini itokeze upande wa pili, na mkono ukae juu ya pini. "Mzigo ubebwe na pini," alisema. "Weldi ishikilie tu." Tangu hapo nikiona mkono uliochomelewa juujuu kwenye nguzo bila kitu kingine cha kuubeba, siulali chini yake.

Kabla hujauamini, ujaribu. Pakia chuma uzito mkubwa kuliko unaonyanyua, kiache kitue kwenye mikono kutoka kimo cha kiganja, kisha kagua kila kiungo kwa tochi. Ukiona ufa kama wa uzi, rudi kwa fundi.

Wengi wanaofanya peke yao bila mikono hii huacha kufunga klipu, vile vibanio vinavyozuia pleti zisichomoke, makusudi, ili wakilemewa wainamishe chuma upande mmoja pleti zimwagike. Naielewa hesabu yao. Lakini pleti zikimwagika upande mmoja, upande wa pili huruka kwa nguvu, na anayepita hapo ni mtoto wako. Ukiwa na mikono ya usalama, klipu zifunge kila mara. Klipu za springi zinatosha kwa mazoezi ya kawaida, ila springi ikilegea pleti huanza kutambaa kuelekea nje, na ukiona hivyo badilisha. Zile za mashindano ya kunyanyua uzito zina kilo 2.5 kila moja. Nyumbani hatuhitaji kufika huko.

Tundu kwanza, bei baadaye

Hapa nitapita haraka, ila wengi hulia hapa. Chuma cha kiwango cha mashindano kwa wanaume kina kilo 20, urefu wa mita 2.2, na ncha zake pleti zinapokaa zina kipenyo cha milimita 50. Cha wanawake kina kilo 15, mita 2.01, na pale unaposhika ni milimita 25 badala ya 28, ila ncha ni zilezile 50. Vyuma vingi vya seti za bei nafuu havifuati kipimo hiki: pleti zake zina tundu la milimita 25 hadi 30 hivi. Kikorombwezo chochote kinachopachikwa kwenye ncha ya chuma kinategemea namba hizo. Nenda dukani na futi kamba au, bora zaidi, na pleti yako moja kwenye mfuko. Pete za kupunguza zipo, zinazofanya pleti ya tundu kubwa ikae kwenye chuma chembamba bila kucheza, na bomba la kipenyo sahihi likikatwa vizuri linafanya kazi hiyohiyo.

Nusu kilo

Kama ningeruhusiwa kumpa kila mwenye vyuma nyumbani zawadi moja baada ya mikono ya usalama, ningempa pleti nne ndogo: mbili za nusu kilo na mbili za robo.

Kwenye seti nyingi pleti ndogo kabisa ni ya kilo 1.25. Ukiweka moja kila upande umeongeza kilo 2.5. Kwa anayechuchumaa na kilo 100 hiyo ni asilimia 2.5, mwili hauoni shida. Kwa anayesukuma kilo 25 juu ya kichwa ni asilimia 10 kwa mkupuo mmoja. Mke wangu alikwama hapo muda mrefu. Kila akipanda 27.5 anashindwa marudio, anarudi 25, anaanza kuamini kwamba mabega yake yamefika mwisho. Mabega hayakuwa na tatizo lolote. Alikuwa anapanda ngazi iliyong'olewa vidato vya katikati. Tulipopata pleti za nusu kilo alianza kuongeza kilo moja moja, na zile 27.5 alizipita bila hata kuzitangaza. Nilizikuta kwenye daftari lake.

Hata wenye nguvu kuliko wote duniani wanahitaji hatua ndogo. Kwenye mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzito, hadi mwaka 2005 uzito ulipanda kwa kilo 2.5, kisha kanuni ikabadilishwa kuwa kilo moja. Pleti za mashindano zinashuka mpaka nusu kilo. Kama anayenyanyua kilo 200 anaweza kutafuta kilo moja, sisi wa kilo 30 tuna sababu gani ya kuruka?

Wazo lenyewe la kuongeza kidogo kidogo kwa mpango lina historia ninayoipenda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alikuwa akiwahudumia askari walioumia magoti katika hospitali ya Gardiner, jijini Chicago. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa mazoezi mepesi yaleyale, marudio mengi, na wagonjwa walikawia kupata nguvu. Yeye, aliyekuwa amejijenga kwa vyuma baada ya kuugua utotoni, aliwapa uzito mkubwa zaidi na kuuongeza kadiri misuli ilivyoimarika. Mwaka 1945 aliyachapisha matokeo yake. Kifaa chake kinachokumbukwa sana ni kiatu cha chuma: soli nzito inayofungwa mguuni, yenye nafasi ya kuongezea uzito, mgonjwa akae kwenye meza aunyooshe mguu. Utaratibu unaofuatwa leo hospitalini na kwenye jimu ulisimama juu ya kitu cha kufunga kwa mikanda.

Pleti ndogo za dukani ni ghali ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo zetu tulizichongesha. Hesabu ni hii, ichukue: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85 hivi. Duara la chuma bapa lenye kipenyo cha sentimita 10.5, tundu la milimita 52 katikati na unene wa milimita 10 linatoa kama gramu 510. Ukitumia chuma cha milimita 5, kipenyo na tundu vilevile, unapata robo kilo. Fundi mwenye lethi, ile mashine ya kukereza chuma, anaweza kukutolea kwenye mabaki ya chuma. Mwambie alainishe kingo. Kisha mpelekee mwenye duka la nafaka akupimie kwenye mizani yake ya dijitali, uandike gramu halisi kwa rangi. Kwa chuma chembamba, washa kubwa, zile pete bapa za kuvisha bolti, za duka la vifaa vya ujenzi zinatosha. Zifunge pamoja kwa waya mpaka zifike uzito unaotaka.

Kwa dambeli zisizofunguka, kuna njia ya sumaku. Sumaku ya spika kubwa iliyokufa, ile ya kwenye meza ya fundi redio, huganda kwenye dambeli ya chuma kwa nguvu ya ajabu, na kubwa zake hufika nusu kilo na zaidi. Izungushie mkanda wa kunata kwa usalama, na usiitumie kwenye zoezi linalopita juu ya uso.

Wenye vyuma vya zege nao wasijione wako nje ya hesabu hii. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege linakaribia kilo 10, lakini kila kopo lina lake: kokoto, maji na mkono wa aliyeshindilia. Pima makopo yote mawili. Upande uliopungua ongeza washa hadi vilingane, maana mgongo unaobeba kilo 9 kulia na 11 kushoto mwaka mzima utakudai.

Kapi

Uzito unajua kuvuta chini tu. Kwa hiyo chuma na dambeli vinakutosha kwa kusukuma juu na kuinua kutoka sakafuni, ila ukitaka kuvuta kitu kutoka juu kuja kifuani, au kutoka mbele kuja usoni ili nyuma ya mabega pafanye kazi, huna pa kushika. Kwenye jimu kubwa hiyo ni kazi ya mashine za kebo, zile refu zinazofika darini. Nyumbani ni kazi ya kapi moja.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kapi. Foromali ya jahazi na tanga lake hupanda kwa kamba inayopita kwenye kapi, mabaharia wakivuta kuelekea chini na mzigo ukienda juu. Kapi lililofungwa mahali pamoja halipunguzi uzito. Linageuza mwelekeo tu. Kapi linalosafiri pamoja na mzigo ndilo linalogawa: unavuta kamba mara mbili ya urefu, mkono unasikia nusu ya uzito. Kwenye mazoezi hilo si hasara hata kidogo. Ukiongeza pleti ya kilo 2.5 kwenye mzigo, mkono unasikia kilo 1.25, yaani umepata pleti ndogo bila kununua pleti ndogo.

Kapi la jimu liwe na beringi, siyo lile la kisimani linalolia. Bila beringi msuguano unakudanganya, unavuta kwa kilo nyingi na kurudisha kwa kilo chache, na ule upande wa kurudisha polepole ndio wenye faida kubwa. Kebo ya chuma ya milimita 5 au 6 iliyovikwa plastiki inapita vizuri, ila mfereji wa kapi uwe na upana unaoipokea. Kamba za plastiki nazikataa kwa kazi hii kama jimu iko uani, kwa sababu jua huzila ndani kwa ndani, na huonekana nzima mpaka siku zinapokatika.

Mahali pa kufunga: boriti ya zege, au juu ya stendi yako ikiwa imetiwa nanga. Kenchi za mbao za paa hazikutengenezwa kuvutwa na kuachiwa mara mia kwa siku. Kiungo kati ya kamba na mzigo kiwe karabina ya kweli, yaani pete ya chuma yenye mlango wa springi, iliyogongwa ubavuni namba ya mzigo inaohimili. 22 kN ni kama kilo 2,200. Karabina za rangirangi za funguo waachie wenye funguo.

Pleti zitakaa wapi? Kwenye pini ya kupakia: kipande cha bomba kama nusu mita, chini kimechomelewa sahani pana, juu pete. Hakuna kikorombwezo rahisi kuliko hiki na hakuna kilichonitumikia zaidi. Upande wa mkononi unaweza kubadilisha unavyotaka. Kamba nene ya katani yenye fundo kila ncha ni nzuri kwa nyuma ya mkono. Taulo lililopitishwa kwenye karabina huukamua mshiko vibaya sana. Kipande kifupi cha bomba ni mpini, na mkanda mpana wa kifundo cha mguu ni kwa nyonga na mapaja.

Mama yangu anaishi nasi. Amepita miaka sitini, na vyuma vya uani alikuwa anavipita kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Kapi ndilo lililomleta. Alinikuta siku moja nimekaa kwenye kiti navuta, akauliza, "Na mimi siwezi hicho cha kukaa?" Tukaweka kiti imara, kilo 5 kwenye pini, nikamshikia mara ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi yanayochanganya usawa wa mwili na nguvu siku tatu au zaidi. Hakuna jimu ya mtaani ambayo mama angeingia. Lakini uani kwake, na kanga yake kiunoni, anavuta, anapumzika, anatupa habari za majirani, anavuta tena. Juzi kaniambia, "Mwanangu, hii imekuwa nyepesi, niongezee kidogo." Nilimwongezea nusu kilo, na nilifurahi kuliko siku yoyote niliyovunja rekodi yangu mwenyewe.

Mipira

Mpira hauvuti kama chuma. Kadiri unavyonyooka ndivyo unavyozidi kukaza, kwa hiyo unakuwa mwepesi mwanzo wa zoezi na mzito mwisho. Hilo linaufaa sana kwa kazi moja: kumsaidia anayejifunza kuning'inia na kujivuta. Ufunge kwenye bomba la juu, weka goti au mguu ndani yake. Ukiwa chini kabisa, pale pagumu, mpira umenyooka na unakuinua kwa nguvu. Ukikaribia juu unakuachia ufanye mwenyewe. Msaada unaupunguza kwa kubadilisha mipira kutoka mnene kwenda mwembamba, mpaka siku huuhitaji.

Ile mipira myeusi iliyokatwa kwenye tyubu, wanayofungia mizigo kwenye pikipiki na baiskeli, inafaa kwa kuvuta kwa mabega na kupasha mwili joto, na bei yake kila mtu anaimudu. Siiamini kubeba uzito wa mtu. Mipira yote, ya duka na ya tyubu, adui zake ni jua, mafuta na kingo kali. Ivute kidogo mbele ya mwanga kila baada ya siku kadhaa uangalie nyufa, na usisimame mahali ambapo ikikatika itakupiga machoni.

Mengine nitayasema kwa mkupuo. Chaki inayosaidia mshiko ni ya magnesiamu kaboneti. Chaki ya ubao wa darasani ni ya madini ya kalsiamu, inakupaka weupe na kuteleza palepale. Mkanda wa kuning'inizia pleti kiunoni wakati wa kujivuta unaweza kushonwa na fundi viatu kutokana na mkanda wa kiti cha gari, ambao umefumwa kumzuia mtu mzima kwenye ajali. Ongeza mnyororo mfupi na karabina mbili. Kipande kingine cha mkanda huohuo, kikizungushwa kwenye kiganja na chuma, kinasaidia pale mshiko unapochoka kabla ya mgongo, ila kitumie kwenye seti nzito za mwisho tu ili mikono nayo ijifunze. Chini tandika mpira mnene. Vipande vya mikanda mipana ya mashine za viwandani vilivyochakaa vinavumilia kuliko mazulia ya sponji. Na kwa sisi tulio karibu na bahari, chumvi ya hewa inakula chuma usiku na mchana: brashi ngumu ya plastiki, kitambaa, matone machache ya mafuta ya cherehani, kila wiki. Usitumie brashi ya waya kwenye pale unaposhika, itang'oa rangi ya nikeli na kutu itapata mlango.

Daftari nalo nalihesabu. Kaunta buku na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye stendi. Mtu wa jimu ya mtaani anayekumbuka wiki iliyopita ulisukuma ngapi, nyumbani ndiye huyo.

Vya kuacha? Sponji za kuvika chuma kwa ajili ya skwati: zinakiinua chuma na kukifanya kibingirike kuelekea shingoni, wakati dawa ni kukiweka chini zaidi, juu ya misuli ya mgongo. Mikanda ya kutoa jasho tumboni: inatoa maji, na unayarudisha kwa glasi ya kwanza. Vile vya kutetemesha mwili wewe umesimama tu. Fedha ya kimojawapo cha hivyo inatosha pini ya kupakia na kapi lenye beringi.

Kinachofuata kwetu ni kiungo cha kona. Ncha moja ya chuma inakaa sakafuni kwenye kiungo kinachozunguka pande zote, wewe unainua ncha ya pili. Chuma kitupu cha kilo 20 kwa namna hiyo mkononi kinasikika kama kilo 10, kwa kuwa nusu nyingine inabebwa na sakafu, na pleti ukiziweka kwenye ncha yako zinakuja karibu zote. Mkono unasukuma kwa mshazari, mbele na juu kwa pamoja, na mabega mengi yanayolalamika kusukuma wima hutulia hapo. Wengine hutumbukiza ncha kwenye kona ya ukuta ikiwa imefungwa taulo. Inafanya kazi, ila plasta haidumu. Sisi tunatumia krosi ya propela shafti ya gari: upande mmoja inachomelewa kwenye sahani nzito ya chini, upande wa pili bomba fupi la kupokea ncha. Fundi ameshaipata krosi kwenye mabaki. Bomba hataki kulikata kwa kusikia namba ya mdomo, anataka chuma chenyewe apime, na kwa kuwa mita 2.2 haziingii kwenye bajaji, Jumamosi nakodi guta.